Kalamu Chini, Mwalimu Ghati

Wasikilizaji wapendwa, uwe shambani Muyama au sokoni Manyovu, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ghati Nyamhanga wa Kasulu, aliyetutoka mwezi uliopita, Juni 2015, akiwa na miaka sitini na miwili.

Alizaliwa Tarime. Akaletwa Kasulu mwaka 1978, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Yaani amemaliza darasa la saba, kapewa mafunzo ya muda mfupi, kakabidhiwa chaki. Watani walisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Alicheka nao, lakini ilimuuma. Ilimuuma miaka thelathini na mitano, wasikilizaji. Wanafunzi wake walitoka wauguzi, wachungaji, hata walimu wenye shahada, na yeye bado ni wa darasa la saba.

Mwaka 2013 akastaafu. Wenzake walinunua mbuzi. Yeye alinunua madaftari. Alitaka cheti cha kidato cha nne, basi.

Binti yake, Esteri, anakumbuka: "Nikamwambia, mama, watu watakucheka. Akanijibu, waache wacheke, meno ni yao."

Novemba 2014 akaingia chumba cha mtihani, mtahiniwa wa kujitegemea, miaka sitini na mmoja, katikati ya vijana. Na msimamizi alikuwa nani? Didas, ambaye Mwalimu Ghati ndiye aliyemfundisha kushika penseli! Muda ukaisha. Didas hajafungua mdomo, Mwalimu kashasimama: "Kalamu chini! Mikono juu ya meza!" Kalamu zote zikashuka. Didas naye akaweka yake. Mwalimu akapita mstari wa mbele akikusanya karatasi, moja, mbili, tatu. Mazoea yana taabu.

Ndipo akashtuka. Mtahiniwa kushika karatasi ya mwenzake ni kosa. Matokeo yake yanaweza kufutwa.

Didas anasimulia: "Mie nilitaka ninyamaze. Akanikazia macho, akasema, 'Wee Didas, andika taarifa, na uandike kweli tupu.' Nikaandika: ameshika karatasi tatu, hakusoma hata moja. Naandika, najiona nimerudi darasa la pili."

Miezi mitatu mama wa watu akakaa roho juu. Februari matokeo yakatoka. Hayakufutwa. Amefaulu! Hisabati aliangukia pua, na alikutangazia mwenyewe kabla hujamuuliza. Lakini alifaulu, wasikilizaji. Mwalimu Ghati alifaulu.

Aliugua wiki mbili tu. Wasifu wake alikwishauandika kwa mkono wake, akaacha wazi nafasi ya tarehe moja. Esteri ndiye aliyeusoma makaburini. Alipofika kwenye "Elimu: kidato cha nne", akina mama wakampokea kwa vigelegele. Vigelegele makaburini! Mchungaji akafunga Biblia yake, naye akapiga makofi.

Esteri na wadogo zako, na ninyi nyote mliopita mikononi mwake, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunajivunia pamoja nanyi. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayesema umri umekwenda, tafakari jioni ya leo: umekwenda wapi bila wewe?