Florini ya Pasko na Mnunuzi Asiyelipa

Benchi lenyewe ni la watu watatu, na sisi tunalikalia wanne tangu tustaafu. Liko mbele ya duka la mikate, Barabara ya Argent, hapa Broken Hill, mji wa migodi ya fedha, upande ambao jua haliufikii mpaka saa sita mchana. Mimi naitwa Kimya, na ukinisikiliza dakika mbili utaelewa kwa nini. Kushoto kwangu hukaa Kifupi, dereva mstaafu wa malori, ambaye akiingia dukani huinama asijigonge mlangoni. Kulia hukaa Desanka, sisi tunamwita Desa, mjane aliyekuja kutoka Yugoslavia enzi zile bado ipo. Kahawa ni yake, nyeusi tii, na ukiomba sukari anakutazama mpaka unaomba radhi. Mwisho wa benchi, nusu ya makalio yake ikiwa hewani, hukaa Pasko, mchimba madini mstaafu. Ijumaa ile Pasko alikuja ameishika simu yake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

— Hajalipa! akasema kabla hajakaa. Wiki mbili! Hajalipa, hajaandika, hajafa!

— Umejuaje kama hajafa? nikamuuliza.

— Kimya, usinianze asubuhi hii.

— Kaa kwanza, Pasko, akasema Desa. Kunywa. Presha yako itapanda.

— Imeshapanda! Ingekuwa mnadani ningeiuza.

Niwaeleze, maana yeye mwenyewe akieleza anaanza kutukana. Pasko ana florini ya mwaka 1932, sarafu ya fedha ambayo baba yake aliitunza ndani ya soksi maisha yake yote. Florini za mwaka ule ni chache na wakusanyaji wanazisaka. Pasko hakuwa na nia ya kuiuza hata siku moja. Ila kaka yake, Clive, yuko Hobart, na Jumanne ijayo anapasuliwa moyo. Hawajaonana miaka na miaka. Clive alipiga simu akasema, kwa sauti ambayo Pasko anasema hajawahi kuisikia, kwamba angependa akifumbua macho aone sura ya nyumbani. Pensheni ya Pasko haifiki Hobart. Ndipo florini ikatolewa kwenye soksi, ikapigwa picha juu ya meza ya jikoni, ikaingia kwenye mnada wa mtandaoni. Raha ya benchi letu ikaishia hapo.

— Mimi nilikwambia tangu mwanzo, akasema Kifupi. Huko mtandaoni hakuna watu. Kuna vichaa.

— Vichaa ningewavumilia, akasema Pasko. Mmoja ananiuliza, je, sarafu ni halisi? Nikamjibu, ndiyo, halisi. Ananiuliza tena, nitajuaje? Nikamwandikia, njoo uiume. Mnajua kilichotokea? Mtandao ukanipa onyo mimi! Eti lugha isiyofaa!

— Na yule wa fimbo ya kuvulia? nikamkumbusha.

— Huyo usimtaje. Dola arobaini na fimbo ya kuvulia samaki. Kuvulia wapi? Hapa? Mto wenyewe uko wapi?

— Ungeichukua ungenipa mimi, akasema Kifupi.

— Halafu bwana mkubwa mmoja akaniandikia, naona sarafu yako imesuguliwa, thamani imekufa. Imesuguliwa na nani? Baba yangu hakusugua hata viatu vyake vya harusi! Nikapiga picha upya, juani, kivulini, kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu. Akaniambia, asante, nilikuwa nauliza tu. Anauliza tu! Nimelala kifudifudi sakafuni napiga picha ubavu wa sarafu, mgongo umekatika, kumbe jamaa anauliza tu!

Desa akacheka mpaka akafuta macho. Mimi pia. Pasko hakucheka.

— Katika wote hao, akasema, alikuwepo mtu mmoja tu mwenye akili zake. Yule wa Bendigo, mwenye duka la sarafu. Akaniuliza uzito, nikampa. Akaniuliza historia yake, nikampa. Akaweka dau la dola mia tisa, taratibu, bila maneno. Mia tisa ingenifikisha Hobart na kunirudisha, na zawadi ya Clive juu. Mara ghafla siku ya mwisho, dakika za mwisho, wakatokea hao wawili.

Haya tulikuwa tunayajua. Wawili walitokea, wakapandishiana dau mpaka yule wa Bendigo akajitoa, nao wakaendelea bila kupumua, hadi mmoja akashinda kwa elfu moja mia tisa na hamsini. Jioni ile Pasko alitununulia pai sote, na ya mbwa wa jirani. Baada ya hapo kimya. Mshindi hajibu. Pasko akamwandikia aliyeshika nafasi ya pili, naye akawa bubu.

— Mimi nimefikiri sana, akasema Kifupi huku akitazama viatu vyake. Hao ni wahalifu wa Sydney. Wana hela chafu, wanazisafisha kwa sarafu.

— Wanazisafishaje na hawalipi? nikamuuliza. Hela si ingebaki chafu vilevile?

— Kimya, wewe mambo ya uhalifu huyajui.

— Na wewe unayajua?

— Nimeendesha lori usiku miaka yote ile. Nimeona mengi.

— Uliona kangaruu.

— Si wahalifu, akasema Desa. Ni mtu tajiri. Mwanamke, nasema mimi. Amekaa kwenye jumba lake Sydney, mume hamsemeshi, ana kompyuta. Anachotaka ni kushinda tu. Akishashinda, hamu imeisha. Anakwenda kuoga.

— Na wa pili naye anaoga? akauliza Pasko.

— Wa pili amenuna kwa sababu ameshindwa. Usimsumbue kabisa. Mwache.

— Nyie mnahangaika na watu, akasema Kifupi, sauti inaanza kupanda. Nani kasema ni watu? Ni roboti hizo. Zinafundishwa kununua. Zinaanza na sarafu kwa sababu sarafu ni ndogo, zikishazoea zinahamia kwenye magari, kisha nyumba. Siku moja Kimya utaamka nyumba yako imenunuliwa na friji.

— Friji yangu hainunui hata maziwa.

— Cheka tu! Na hizo roboti nani kazileta? Serikali! Sikiliza, Pasko. Florini ni fedha. Fedha ilitoka wapi? Si chini ya miguu yetu hapa? Serikali inazikusanya sarafu zote za zamani, kimyakimya, kwa majina ya bandia, izirudishe shimoni usiku, halafu itangaze mgodi una mali upya!

Tukamtazama.

— Kifupi, akasema Desa taratibu, umelala vizuri jana?

— Sijalala vizuri wiki mbili.

Wakati huo akatoka dukani Seini, muuguzi mpya wa hospitali, binti wa Tonga, bado hajamaliza mwezi hapa mjini. Ana pai ya moto mkononi na pengine dakika kumi za kupumzika. Huwa anatusalimia mmoja mmoja, jambo ambalo watoto wetu wenyewe hawalifanyi. Desa akamsogezea nafasi ambayo haikuwepo, Pasko akabaki amekaa hewani kabisa.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Leo mnagombana nini?

— Hatugombani, mwanangu, nikamwambia. Tunatafuta mnunuzi wa florini.

Nikamsimulia yote, Clive, Jumanne, mnada, wale wawili. Alisikiliza huku anapuliza pai yake.

— Pole sana, mzee Pasko, akasema. Na huyo aliyeshinda anaitwa nani?

Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua sijui. Wiki mbili tunamjadili huyu mtu, tumempa jumba, tumempa mume asiyemsemesha, tumempa friji, na hakuna aliyeuliza jina lake. Kwetu sote alikuwa ni “yule mjinga” basi.

Pasko akaisogeza simu mbali na uso ili aone.

— Jina si geni wala nini. R. Haddrick. Wa Adelaide.

Kifupi akapaliwa na kahawa. Akakohoa mpaka Seini akaweka pai chini ampige mgongoni.

— Haddrick? nikasema. Kifupi, Roslyn binti yako si aliolewa na akina Haddrick? Mimi si nilikuwepo harusini? Nilicheza mpaka nikateguka!

— Akina Haddrick wako wengi, akasema Kifupi.

— Adelaide?

— Adelaide ni mji mkubwa.

— Kifupi! akafoka Pasko, akasimama wima. Nitazame!

Kifupi akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alionekana mfupi kweli.

— Akaunti alinifungulia Roslyn, akasema. Kwa jina lake, mimi sijui hayo mambo. Nilitaka kukupandishia kidogo tu, Pasko. Nilisema, naweka dau, yule wa Bendigo anaweka juu yangu, najitoa, wewe unafaidi. Lakini kila nikiweka, kuna mtu ananipita. Nikaweka, akanipita. Hasira zikanipanda. Nikajisemea, hili ni roboti, haliwezi kumshinda mtu aliyeendesha lori mpaka Darwin. Nikabonyeza namba kubwa, halafu likanyamaza. Nikajua nimekwisha.

— Na wiki mbili zote umekaa hapa unanipa habari za serikali?

— Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

— Kwenye shimo la mgodi? Usiku?

— Sina hiyo hela, Pasko. Ningekuwa nayo ungeshaipata.

Hapo Seini, bila ubaya wowote, akauliza tena:

— Na yule wa pili ni nani?

Mimi nilimgeukia Desa kwa sababu alikuwa anafunga chupa ya kahawa, na chupa ilikuwa imeshafungwa. Aliendelea kukizungusha kifuniko.

— Desa, nikasema. Hapana. Usiniambie ni wewe.

— Nilidhani napigana na tajiri wa Sydney, akasema Desa.

Nilitaka kucheka, nikaacha, maana Pasko alikuwa amegeuka rangi. Kwa kweli nilimwonea huruma mpaka nikaumia. Wote wawili nilitaka kuwapiga kwa ile chupa.

— Yule wa Bendigo, akasema Pasko, na sauti ilikuwa ndogo, nilimwandikia juzi. Amenijibu kwa adabu kabisa. Ameshanunua nyingine, hahitaji mbili. Mia tisa ilikuwa mkononi mwangu. Mkononi! Leo ningekuwa nimefunga begi. Jumanne Clive atafumbua macho aone picha ya ng’ombe kwenye ukuta wa hospitali badala ya sura yangu. Nimekaa na nyinyi benchi hili miaka yote, na adui zangu wote wawili wameketi kushoto kwangu!

— Si adui, Pasko, akasema Desa.

— Sasa mlitaka nini? Kama mlitaka kunisaidia, si mngenipa tu mkononi, kama watu?

— Tulikupa, akasema Desa. Mwezi uliopita. Tulipitisha kofia pale klabu, kila mtu akatoa alichoweza, tukaweka kwenye bahasha. Ukairudisha chini ya mlango wangu na karatasi, umeandika wewe si ombaomba. Nililia, mimi, kwa taarifa yako. Basi nikasema, kama hataki kupewa, atauza, na mimi nitahakikisha anauza vizuri.

— Na mimi hivyohivyo, akasema Kifupi.

— Mlikubaliana?

— Tungekubaliana tungefika elfu mbili kasoro? akasema Desa. Kila mtu alificha ili usijue.

Pasko akakaa. Hakukaa ukingoni, alikaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, ikabidi nisimame. Lori la maji likapita. Kifupi alikuwa anatazama viatu vyake tena, na Desa ananifanyia ishara niseme kitu, mimi Kimya, mwenye maneno mengi, na sikuwa nalo hata moja.

Seini akafuta vidole kwa karatasi ya pai.

— Samahani, wazee wangu. Ili mzee Pasko awe Hobart kabla ya Jumanne, anatakiwa apande ndege ya saa ngapi?

Tukatazamana.

Tulikuwa tunajua mnada ulifungwa saa ngapi. Tulijua uzito wa florini, tulijua kamisheni ya mtandao, tulijua sheria za picha za ubavu. Kifupi alijua mipango ya serikali. Ndege inaondoka saa ngapi, inapitia wapi, ina nafasi au haina, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Hata Pasko mwenyewe.

— Hamjui? akauliza Seini, kwa upole, kana kwamba labda hatukumsikia.

Desa akainua chupa ajimiminie. Yakatoka matone, kisha machicha ya kahawa.

Pasko akaitazama simu yake. Kisha akamrushia Kifupi pajani.

— Uliza tiketi, akasema. Hela ya ile bahasha naichukua, na nitawarudishia watu polepole, mkitaka msitake. Lakini uulize wewe peke yako, msije mkapandishiana tena, umenisikia? Desa, weka simu yako chini ya benchi mpaka amalize.