Ishara za Mtoto wa Matheka

Kijiwe chetu cha Makongeni ni taruma kuukuu la reli tulilolipandisha juu ya mawe, ukutani pa duka, na ukilikalia unautazama uwanja wa kanisa ng'ambo ya barabara. Abdiqadir akifika na birika lake la kahawa, kelele zinaanza. Hapo utamkuta Breki, shanta mstaafu, mtu aliyemaliza ujana wake akiongoza mabehewa kwa ishara za mikono. Utamkuta Karani, aliyekuwa ofisi ya vifurushi na mpaka leo havui tai. Utamkuta Msumari, mchonga vinyago, na mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza na kukasirika. Mwaka huo wa sabini na tisa tuliacha kubishana juu ya mpira, kwa sababu tulikuwa tunaogopa mtoto. Ndiyo, mtoto! Kanyiva, msichana wa miaka saba, haongei, hamtazami mtu usoni, na akisisimka anainua mikono juu ya kichwa, anaipunga na kuzunguka. Baba yake, Matheka, fundi wa injini, alikuwa mwisho wa benchi letu jioni moja, kahawa inapoa mkononi, mtoto akicheza ng'ambo uwanjani. Kesho yake asubuhi alikuwa ampeleke Kangundo kwa nyanya yake, akafungiwe ndani asionekane na watu.

— Ameanza, Breki akasema. Oneni mikono. Yote miwili juu, anapunga kwa nguvu. Mnajua hiyo ni nini kwa reli?

— Si umetuambia kila siku, nikamjibu.

— Ni hatari! Simamisha gari! Haina maana nyingine.

— Na mtoto mdogo hivyo alifunzwa na nani ishara za reli?

— Hapo ndipo mimi naogopa, bwana. Hakufunzwa na mtu.

Nywele zilinisimama, sitaficha. Msumari alisogea karibu nami mpaka akanikanyaga.

— Mimi alinipungia Jumatatu, Msumari akasema. Akielekea kwangu kabisa. Jioni nikajikata kidole gumba na tezo. Hiki hapa, angalieni.

— Ulikuwa umelewa, nikamwambia.

— Kidogo tu! Lakini alipunga!

Karani akakohoa, akanyoosha tai.

— Mimi nimelifuatilia jambo hili. Juzi alipunga, maji yakakatika estate nzima.

— Karani, maji hukatika kila wiki.

— Na yeye hupunga kila wiki! Sasa umeanza kuelewa.

Matheka alikuwa anaangalia ng'ambo, kwa sababu Lydiah, mwalimu wa nasari ya kanisa, alikuwa ametoka uwanjani na kusimama mbali kidogo na mtoto. Hakumwita jina. Hakumshika. Kanyiva akazunguka, mwalimu naye akazunguka, sketi imejaa upepo. Kanyiva akasimama, mwalimu akasimama. Mtoto akayumba kushoto, kulia, na yule mtu mzima, mwenye cheti chake, akayumba vilevile.

— Ngai! Msumari akapiga kelele. Imemshika na mwalimu!

— Inaingilia machoni, Karani akasema. Ukimwangalia sana unaanza kuyumba. Jamani, geukeni!

Msumari akageuka kweli, akakaa akiutazama ukuta. Breki akaziba jicho moja, lile lingine akaliacha wazi kwa sababu ya kazi, alisema. Mimi nikaangalia magoti yangu kama yameanza kuyumba.

— Ugonjwa huu hauambukizi, Matheka akasema polepole.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea jioni hiyo.

— Daktari alituambia unaitwa otizim. Alizaliwa nao. Mwalimu Lydiah anasema ukimrushia maneno mengi yanampita, lakini mwendo wa mwili anaushika. Kwa hivyo anaingia katika mchezo wa mtoto mwenyewe, anamfuata, mpaka mtoto ajue kuna mtu mwingine hapa. Wiki jana walikuwa wanaruka ngazi za kanisa. Mwalimu anaruka, anasema moja. Anaruka, anasema mbili. Halafu akanyamaza, akangoja. Kanyiva akaruka, akasema tatu.

— Alisema? nikauliza. Kwa mdomo?

— Mama yake, Ndindi, alisikia. Alirudi nyumbani analia. Mimi nilikuwa kazini.

— Na bado unampeleka Kangundo?

— Naogopa, ndugu yangu. Dirisha langu limepigwa mawe. Ndindi akienda kuteka maji, wenzake wanaondoa ndoo zao. Nyinyi ndio majirani zangu, na nyinyi ndio mnaniambia mtoto wangu anaita mabaya. Nifanye nini? Nimngoje atakayekuja na kiberiti?

Yeyote mwenye akili angemshika bega. Lakini Breki alikuwa ameshasimama, macho yamemtoka.

— Tatu! Amesema tatu? Behewa la tatu! Mtu asipande behewa la tatu kesho!

— Au siku ya tatu, Karani akasema, akihesabu kwa vidole. Leo, kesho... woi, Jumapili! Tukiwa kanisani!

— Nyumba yangu ni namba tatu, Msumari akaambia ukuta. Nina watoto mle ndani. Matheka, nakuomba, kama ni leo mpeleke leo.

Ndipo Kanyiva akatuona. Alimwacha mwalimu katikati ya uwanja, akaja mbio mpaka kwenye ua wa waya, akasimama ametuelekea sisi. Mikono juu. Akapunga, akapunga, vidole vimetawanyika, mwili wote unarukaruka. Karani alishika mkono wangu kwa nguvu na kucha zake zikaniingia. Breki alirudi nyuma, akapiga birika teke, na kahawa yote ikamwagika barabarani. Abdiqadir alitukana kwa Kisomali na hakuna aliyemjibu.

Katika fujo hiyo akatokea kijana mmoja wa kofia ya reli. Alikuwa Tobias, dereva wa injini, amehamishwa kutoka Nakuru juzijuzi tu. Alikuja kutafuta kahawa, akatukuta wazee tumerundikana pembe moja ya benchi.

— Habari zenu, wazee. Mbona mmejibana hivyo?

— Tazama yule mtoto, Breki akasema. Wewe ni mtu wa reli, utaelewa. Anatupa ishara ya hatari. Tangu mwaka jana!

Tobias akatazama, akasukuma kofia nyuma.

— Naona, mzee. Na nyinyi mmemjibu nini?

— Kumjibu?

— Si mimi nikipewa ishara na shanta napiga honi, ajue nimemwona? Nisipopiga ataendelea kupunga mpaka jioni. Huyu amepunga tangu mwaka jana. Nani amemjibu?

Karani akaanza kurekebisha tai iliyokuwa sawa. Msumari aligeuka kutoka ukutani, akatutazama mmoja mmoja, labda kuna mwenye jibu.

Matheka akaweka kikombe chini. Alivuka barabara bila kuangalia kama kuna gari. Alipofika kwenye waya alisimama mbele ya mtoto wake. Nilijua anawaza kwamba sisi sote tunamwangalia. Halafu akainua mikono. Kwanza ilifika kifuani tu, kisha usawa wa uso, kisha juu ya kichwa. Akapunga vibaya, mtu mzima wa ovaroli, ametawanya vidole kama mtoto wake.

Niliogopa wakati ule kuliko siku zote. Niliogopa mtoto asije akageuka, akaenda zake.

Kanyiva akashusha mikono, akaitazama ya baba yake.