Ombi la Waendeshaji wa Bibi, Roboti wa Jengo la Pili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri Bi. Shiozaki, mkuu wa kituo, wenyeji wa Namikura, mabibi na mabwana:

Karibu

Sisi waendeshaji wa roboti, zamu ya asubuhi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungekuingiza Jengo la Pili ukajionee, ila mionzi ya humo haina adabu kwa wageni. Hata sisi hatuingii. Utaona kwenye skrini, na chai ipo.

Tulikotoka

Tetemeko la ardhi lilipozima mtambo wa nyuklia, mji mzima ulihama. Sisi tukarudi kuuvunja mtambo huo. Roboti wa kwanza alikwama ngazini siku ile ile alipoingizwa, na yuko hapo mpaka leo. Wa pili tunamwita Bibi, maana anatembea polepole na hashauriki. Anayemwongoza ni Mzee Sakuji Watanuki, ambaye ndiye aliyechomelea mabomba ya jengo hilo akiwa na miaka ishirini na miwili.

Mafanikio

Kwa miaka minne Bibi amekata na kutoa vipande 212 vya bomba, bila mtu hata mmoja kukanyaga ndani.

Aibu moja tunaikiri. Desturi yetu, kabla ya kila hatua, ni kunyooshea kitu kidole na kukitaja kwa sauti: "Vali imefungwa, sawa!" Siku moja Mzee alinyoosha kidole bado amevaa glavu ya kumwongozea Bibi. Bibi naye akanyoosha mkono wake wa chuma, pu! Taa chini.

"Mzee, umevunja taa!"

"Nani, mimi? Muulizeni Bibi. Angalau yeye kafuata utaratibu!"

Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi glavu inavuliwa kwanza.

Changamoto

Michoro inatudanganya. Mwezi uliopita tulikuwa tukate mahali ambapo mchoro ulionyesha bomba kavu. Mzee akapiga kelele: "Acheni, nyie! Humo mna maji. Siku ya kulichomelea, kona ya bomba ilikuwa haijaletwa, msimamizi kaenda kula, nikaliunga moja kwa moja na la maji." Tukapima, kweli maji yamo, tena machafu hasa. Mambo hayo yako kichwani mwake tu, na mabomba sitini bado hayajakatwa.

Ombi

Tunalo moja. Mzee anatimiza miaka sabini, na kwa kanuni Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Tunaomba aongezewe muda hadi bomba la mwisho litoke. Daktari amempima, mkono hautetemeki. Mkewe, Bi. Kikue, ameridhia: "Mchukueni jamani! Nyumbani ananyooshea kidole hata sufuria."

Mheshimiwa, tunakutakia afya na safari ya heri, wewe na nyumba yako.

La mwisho. Mpaka dakika hii Mzee alikuwa hajui kuwa tunamwombea. Tulimwambia sehemu hii inahusu maegesho ya magari, maana angetukataza. Kwetu alisema mara moja tu: "Mabomba yale niliyaweka mimi. Nilitaka niyatoe mimi." Kisha akaenda kuosha vikombe. Inatuuma sana.

Ni yule pale nyuma, karibu na birika, aliyeinamisha uso. Tukishaketi, usitujibu sisi. Mjibu yeye.

Imesomwa na Tomoe Hangai,
kwa niaba ya Waendeshaji wa Bibi, Zamu ya Asubuhi, Namikura.