Mwaloni Uliozaliwa Zizini

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, mlioko juu kwenye mashamba ya ngazi na mlioko chini kando ya mto. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, chai haitakimbia. Mimi ni Bhagwati Negi, wa redio yenu ya bondeni. Leo tunamkumbuka Mama Saruli Bisht wa Dhaulkhet, aliyetutoka Jumanne asubuhi. Saruli Bisht, mjane wa Kundan, mama yake Puran. Wengi wenu mmewahi kunywa maji yake, hata kama hamkujua kuwa ni yake.

Nasema maji yake, na sitaki mtu anipigie simu kunibishia.

Saruli aliletwa Dhaulkhet akiwa bibi harusi. Mnajua desturi yetu. Bibi harusi hupelekwa kwanza chemchemini, akaisujudie, ateke maji, ndipo aruhusiwe kugusa sufuria za watu. Chemchemi ya Dhaulkhet ilikuwa nyuma ya nyumba za kina Bisht. Siku ile alipoinamisha mtungi, maji yalimfika kwenye viwiko. Alipenda sana kulisimulia hilo. Maji yalimfika kwenye viwiko. Lakini Puran alipoanza shule, chemchemi ileile ilikuwa haijazi hata birika. Akina mama wakawa wanashuka mtoni na kupanda tena, mtungi kichwani, magoti yakilia.

Sababu waliijua. Msitu wa mialoni ulioko juu ya kijiji ulikuwa umekatwa matawi ya kulishia ng'ombe mpaka miti ikabaki vigogo tu. Misonobari ikawa inapanda kutoka chini kuchukua nafasi, na msonobari haushiki maji. Nyumba moja moja zikaanza kufungwa kwa kufuli, wenyewe wakahamia tambarare. Kundan naye akamwambia mkewe waziwazi kwamba chemchemi ikikauka kabisa, nao watafunga mlango. Saruli hakutaka mlango ule ufungwe. Hilo ndilo lililokuwa jambo lake, wasikilizaji wapendwa, tangu siku hiyo mpaka anakufa.

Akawakusanya akina mama. Wakafanya tufanyavyo huku kwetu mambo yakitushinda: wakaenda hekaluni, wakaukabidhi msitu kwa Devi, mungu wetu wa kike. Tangu siku hiyo mialoni ikawa mali yake. Hakuna kukata tawi. Atakayekamatwa ananyang'anywa mundu na kamba mbele ya watu, na mwanamke wa kwetu ukimnyang'anya mundu wake umemvua nguo. Hakuna aliyethubutu. Miti mikubwa ikaanza kunawiri, tumbili wakarudi na kelele zao. Ila chini ya miti hiyo hapakuota kitu. Miaka ikapita bila mche hata mmoja. Chini palikuwa kama uwanja uliofagiliwa.

Na kumbe palikuwa pamefagiliwa kweli. Akina mama walikuwa wameapa kutokata, hawakuapa kutofagia. Kila mwaka baridi ikielekea kuisha walipanda na reki zao, wakazoa majani makavu ya mwaloni kwenda kuwatandikia ng'ombe. Majani laini, na samadi yake hakuna mfano. Nani angeona kosa hapo? Jani limeshaanguka lenyewe.

Sasa sikilizeni. Siku moja, mvua ndiyo kwanza zimeanza, Saruli alikwenda kwa Khimuli kuazima jembe. Khimuli ni mke wa kaka mkubwa wa Kundan, kwa hiyo kwa Saruli ni dada. Yuko hai, na ulimi wake uko hai zaidi. Alinisimulia mwenyewe juzi nilipokwenda kuhani.

"Nilimkuta amechutama kwenye lundo langu la samadi kama kuku," alisema. "Nikamwuliza, vipi, umedondosha kipini cha pua? Anachokora tu. Halafu ananiambia, 'Dada, tumekuwa tukiubeba msitu mgongoni, tunauleta huku ng'ombe waulalie.'"

Pembeni ya lundo lile ilikuwa imeota miche ya mwaloni. Kwenye shamba la viazi pia ilikuwepo, na Khimuli alikuwa akiing'oa pamoja na magugu. Kokwa za mwaloni huanguka wakati wa baridi na kujificha ndani ya majani. Ukizoa majani, umezoa na mbegu. Tena umezoa lile tandiko linaloyashika maji ya mvua yazame polepole kuelekea chemchemini. Walikuwa wamelinda miti dhidi ya mundu, wakauchukua msitu kwa reki.

Saruli akawaomba akina mama waache kufagia mialoni. Hapo ugomvi ukaanza. Khimuli alisimama mbele ya wote akamwuliza, "Ng'ombe wangu alale kwenye sari yako? Na viazi nivioteshe kwa kitu gani, kwa sala?" Watu wakacheka. Msimu wa kufagia ulipofika, Saruli alichukua reki yake akashuka, badala ya kupanda. Akaenda kwenye mteremko wa misonobari kuzoa sindano zake.

Aliyewahi kuzoa sindano za msonobari anajua. Zinateleza, zinachoma. Ng'ombe wake alimpiga teke, kiwele kimechomwa. Samadi yake ikachelewa kuoza, na mwaka ule viazi vya Saruli vilikuwa vya kutia huruma. Puran anakumbuka mpaka leo. "Baba alikuwa anavipanga kwenye sahani, anauliza hivi ni viazi au ni shanga," alinieleza. "Mama anamjibu, kula mume wangu, ukimaliza ushuke mtoni ukanywe maji."

Kisha kiangazi kikaleta moto, kama kila mwaka. Ulitoka chini, ukapanda ukila sindano kavu. Wanakijiji walijipanga juu na matawi mabichi ya kuupigia, roho mkononi. Moto ulipofika kwenye mteremko ambao Saruli alikuwa ameuzoa, haukukuta cha kula. Ukazubaa pale, ukafa. Msitu wa Devi ulikuwa mita chache tu juu yake.

Baridi iliyofuata reki nyingi zilishuka kwenye misonobari. Wengine walichanganya na nyasi, ng'ombe wasilalamike sana. Mwisho wakashuka wote, na Khimuli akawa wa mwisho. Hakusema kamwe kwamba alikosea. Si tabia yake.

Ile miche ya mashambani, Saruli aliichimbua pamoja na udongo wake akaihamishia msituni. Kila nyumba ilimpa yake. Mche mmoja tu alinyimwa, ule wa pembeni ya zizi la Khimuli. "Huu umezaliwa kwangu, umenyonya samadi yangu," Khimuli alimwambia. "Katafute wako." Mche ukakua pale pale ukawa mti. Saruli kila akipita anautazama, na Khimuli anamtazama anavyoutazama.

Chemchemi ilirudi, wasikilizaji wapendwa, lakini sitawadanganya. Haikurudi kama zamani. Puran alipooa, mkewe alipelekwa kuteka maji kama desturi. Saruli alisimama kando, macho kwenye mikono ya yule binti. Maji yalimfika kwenye vifundo vya mikono. Saruli akageuka akafuta uso kwa ncha ya sari yake. Mlango wa Kundan haukufungwa.

Kabla hajafa alimwagiza Puran: "Mnichome kwa msonobari. Mwaloni usiguswe kwa ajili yangu." Kwetu kila nyumba huleta gogo la kumchomea marehemu. Jumanne ile yaliletwa magogo ya msonobari matupu. Mara Khimuli akaingia uani na tawi begani. Tawi la mwaloni.

Puran akamwambia kwa upole, "Mama mkubwa, alikataza."

"Alikataza wa msituni," Khimuli akasema. "Huu ni wa zizini kwangu, na tawi hili upepo ndio umeliangusha. Miaka yote hii anautamani. Mpe."

Wakampa. Wanaume walilibeba tawi lile pamoja naye mpaka mtoni tunakochomea, na Puran akaliweka juu ya kifua chake.

Poleni sana, Puran na mkeo. Poleni wajukuu. Poleni wana Dhaulkhet wote. Na pole ya pekee kwako, Mama Khimuli, najua redio yako iko wazi, na najua unanibishia. Sisi wengine tulioko kwenye bonde hili, msimu wa kufagia unakaribia. Kabla hujainua kikapu, tia mkono ndani ya majani upapase. Fikiria unachobeba, na unakipeleka wapi.

Juzi nilipokuwa naondoka kwa Mama Khimuli nilipita kando ya zizi lake. Ua wote ulikuwa umefagiliwa, hakuna hata unyasi. Chini ya ule mwaloni majani yalikuwa mengi, yamerundikana ya miaka, na ndani yake miche imesimama.