Nilimuita Shemeki Yangu Mulozi, Kumbe Ni Alimentation

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa naweza kusema.

Mimi ni Mama Solange wa Keshero, hapa Goma. Ninafanyaka montage ya filme za ndoa na za matanga. Mutu anapiga picha, ananiletea, mimi nakata, naunga, natia wimbo, kisha naambia ordinateur, kompyuta yangu, itoe filme moja nzima. Leo sikukuja kusifu kazi yangu. Nimekuja kusema namna Mungu alinitoa ndani ya ubaya wangu mwenyewe.

Mama mukwe wangu, mbele ya kufa, aliomba tumupige filme akibariki watoto wake, mumoja mumoja. Wote walikuwapo isipokuwa shemeki yangu Nsimire, dada ya bwana yangu, ule wa Bukavu. Njia ilikuwa imefungwa na bateau za ziwa hazikutembea. Mama akafa, tukazika, na Nsimire hakuona hata udongo ukitupwa. Filme nikapewa mimi niitengeneze, tuiangalie siku ya kumaliza matanga.

Nsimire alifika siku ya samedi, Jumamosi. Hata kabegi hajaweka chini, akaniambia: "Mama Solange, nionyeshe mama." Akaweka mukono juu ya ordinateur. "Ee, mama yangu iko mule ndani!" Nikabonyeza itoe filme. Dakika tatu hivi, pfff! Écran, kioo chote, nyeusi.

Nikafikiri ni courant, umeme umekatika. Nikaangalia ampoule, taa ya nyumba: inawaka. Imprimante ya kutolea makaratasi: inawaka. Nikawasha machine tena, nikabonyeza. Pfff! Nsimire akaanza kulia. Na mimi, ndugu zangu, badala ya kumufariji, nilikuwa naangalia ule mukono.

Kesho yake alienda kaburini. Nikaandika barua za watu asubuhi nzima, machine haikusumbua. Aliporudi nikajaribu filme: pfff! Basi, nikasema nimeelewa: huyu ni mulozi, muchawi. Akitoka machine inapona, akiingia inakufa. Nikakataza watoto kupokea chakula mukononi mwake. Mwishoni nikamuuliza usoni: "Nsimire, ulitoka na nini kule Bukavu?"

Akaniangalia sana. "Nilitoka na kilio, Mama Solange."

Akabeba kabegi kake, akaenda kukaa kwa mujomba wao, Lac Vert. Na munisikie vizuri: vile vipande vya filme, kimoja kimoja, vingetembea bila shida. Ningeweza kumuonyesha uso wa mama yake siku ile ile. Sikutaka! Mungu anisamehe.

Wamama wa maombi mulikuja kwangu, musijifiche, nawaona! Mulizunguka ordinateur masaa mbili, iko inaonyesha maneno ya wimbo, haikuzimika hata mara moja. Tukapiga vigelegele. Nikaitia mafuta ya upako juu. Mulipofika kwa mulango nikabonyeza itoe filme. Pfff! Mama Antoinette alikimbia na kandambili moja.

Sasa, mimi nina kichwa cha kuuliza. Kitu kimoja kilianza kunisumbua. Pepo gani huyu anachagua kazi? Barua anaacha. Wimbo anaacha. Filme tu ndiyo anakata. Na Nsimire sasa iko mbali, Lac Vert! Nikafunga machine ndani ya kitenge, nikaenda nayo Katindo kwa technicien, fundi wa machine.

Nikakuta mama mumoja, mutoto mugongoni, tournevis mukononi, ile bisibisi ya kufungulia vis. Nikamuuliza bwana yake iko wapi.

"Bwana yangu anauzisha samaki. Machine iko wapi?"

Huyo ndiye Mama Kavira. Akaifungua, akapitisha kidole ndani. "Mafuta haya ni ya nini?"

"Ya upako," nikasema polepole.

"Sawa. Lakini yamekamata vumbi yote ya Goma." Akafuta. Nikamuelezea mambo yote, hata ya Nsimire. Akauliza: "Samedi ile, ukiacha shemeki yako, nini kingine kiliingia?"

"Ndani ya nyumba? Hakuna."

"Ndani ya machine."

Ndugu zangu, hapo nikakumbuka! Asubuhi ya siku ile, mbele Nsimire afike, nilikuwa nimetia carte graphique mupya, ile inasaidiaka kutoa filme mbio. Muuzaji aliniuliza kama alimentation yangu itaiweza. Alimentation ni ile boîte ya chuma yenye inagawia machine yote courant. Nikamujibu na kiburi: ni ya watt 600! Si iliandikwa juu yake, herufi kubwa, nyekundu?

Mama Kavira akacheka. "Hizo kubwa ni za kuuzia. Soma zile ndogo."

Nikakaza macho. Kwa mustari wa volt 12 waliandika ampère 18. Akaniambia processeur, ile inafikiria kazi yote ya machine, na carte graphique zinakula kwa mustari ule, basi nipige 12 mara 18. Nikapiga: 216. Watt 600 zilienda wapi? Akasema: "Sasa andika zenye kula." Processeur, ikikazwa kabisa, 90. Carte graphique, 160. Hizo mbili peke yake ni 250!

Halleluya, nikaona! Nikiandika barua, zote mbili zinasinzia. Nikitoa filme, zinaamuka pamoja, zinaomba 250, na boîte iko na 216 tu. Inajizima isiungue. Tukaongeza vyombo vingine vya ndani, carte mère, mémoire, disque na ventilateur, kama 70 hivi. Jumla 320. Nikasema basi ninunue ya 320. Akakataa: "Acha nafasi. Isihemee siku yote kama mutu mwenye kupandisha gunia." Tukatafuta ya 500, na mimi mwenyewe nikasoma zile ndogo: volt 12, ampère 41. Nikapiga hesabu mara tatu kwa furaha. 492! Hii haikudanganya.

Nikarudi Keshero, nikabonyeza, nikakaa nimeshika meza. Dakika tatu zikapita. Kumi. Arobaini. Filme ikatoka yote, na mimi nikalia kwa haya.

Nikaenda Lac Vert. Nikapiga magoti mbele ya Nsimire, juu ya majiwe ya volcan, nikamuambia: "Machine ilikosa nguvu, na mimi nikakuita mulozi." Akanijibu: "Nilianza kujiuliza kama ni kweli. Nilianza kuogopa mukono yangu." Ndugu zangu, ile neno inanichoma hata leo.

Siku ya kumaliza matanga tukakaa wote mbele ya écran. Mama anabariki, mumoja mumoja. Akafika kwake: "Nsimire hakufika. Njia ilimukatalia. Akifika, mumupe kiti changu, akae katikati yenu." Na maneno hayo ni mimi niliyaunga! Niliyasikia mara na mara nikipima kama sauti iko juu ao iko chini, kisha nikamufukuza mwenye kuitwa.

Bwana yangu akasimama, akaleta kile kiti. Nsimire akakaa. Akanyoosha mukono, akauweka juu ya uso wa mama yake, pale kwa écran. Tukaangalia mupaka mwisho.

Ninamushukuru Mungu. Hakunitumia malaika, alinitumia mama mwenye tournevis, na asante yangu ni ile ile. Kama iko mutu hapa amemuita ndugu yake mulozi, asijifiche kwa ajili ya haya, mimi nimetangulia. Mungu ule alinifungua mimi hatashindwa na wewe. Leo hii umutafute.

Nsimire amekuja na mimi. Ni ule wa kitenge ya bleu, kwa banc ya tatu. Mukitoka, mumupe mukono.