Sista Harriet Candia: Kutoka Turubai la Oraba hadi Shamba la Abuku

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sajini Harriet Candia, muuguzi wa jeshi, anastaafu rasmi tarehe 28 Novemba 2025. Hapa zahanati ya kikosi, Arua, tumeshindwa kukaa kimya. Jamani, huyu ni wetu!

Alizaliwa nje kidogo ya mji huu, akajiunga na jeshi mwaka 1994 akiwa bado binti. Alitibu majeruhi wa vita vya kaskazini mwa nchi yetu, kisha akapelekwa Somalia, akarudi amekonda lakini na sauti ileile ya radi. Sauti hiyo ilimfuata hadi nje meja mmoja aliyetoroka chanjo: "Afande, risasi wewe hapana ogopa, sindano ndiyo unaogopa?" Meja akarudi, akakunja shati.

Lakini siku tusiyochoka kuisimulia ni ile ya mwaka 2016, vita vilipofika Kaya, ng'ambo ya mpaka, na watu wakamiminika Oraba, upande wetu. Sista Candia alifunga turubai ubavuni mwa lori, akaanza kazi. Akaletewa mpiganaji mmoja, paja limepasuliwa na risasi. Wakimbizi wakamzingira kwa hasira. Wenzake mtu huyo ndio waliochoma nyumba zao.

"Wacha yeye kufa!" alifoka Kiden, mama aliyefiwa na mumewe wiki ileile.

Sista hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimebana mshipa unaovuja, na hapakuwa na wa kumshikia dripu.

"Mama, mimi najua uchungu yako. Lakini hapa iko mugonjwa tu. Shika hii chupa juu. Mkono yangu iko mbili tu."

Kiden alisogea hadi ubavuni mwa lori. Kisha akaipokea chupa, akaiinua huku machozi yakimtiririka, wala hakuishusha mpaka gari la wagonjwa lilipofika kutoka Koboko. Majeruhi alipona. Kiden akabaki kumsaidia Sista, baadaye akasomea ukunga, na leo anazalisha akina mama Koboko!

Wengi wetu tulifundishwa na Sista huyu kufunga kidonda. Tulimwogopa kwanza, tukampenda baadaye.

Sasa anahamia Abuku na mumewe, Mzee Aliga, kulima karanga. Tayari amenunua baiskeli nyekundu, ingawa kuiendesha bado ni vita nyingine. Juzi ilimwingiza kwenye mihogo ya jirani. Akainuka akicheka, akapanda tena.

Asante, Sista, kwa kila roho uliyokataa kuiachia. Uishi salama, karanga zijae ndani ya maganda, na usingizi wako usikatizwe tena na king'ora.