Baltazar Safari Bura (1955–2025): Mpiga Mbizi Aliyekagua Kila Pumzi

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani poleni. Mimi ni Paskalina, mdogo wake marehemu. Nimeambiwa nisome kwa ufupi. Nitajaribu, ila mnanijua.

Marehemu Baltazar Safari Bura alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa Dongobesh, mtoto wa kwanza wa Mzee Safari Bura na Mama Getruda. Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1964 hadi 1970. Hesabu alizimudu. Kuimba hakuweza, na kwaya ilimvumilia miaka mingi kwa heshima ya mama.

Mwaka 1976 alikwenda Tanga kutafuta kibarua bandarini. Mtu wa milimani, kuogelea amejifunzia kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe! Lakini akishatia nia, nani wa kumrudisha? Baada ya miaka miwili alikuwa mpiga mbizi, akikagua matumbo ya meli chini ya maji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Katikati ya hayo, mwaka 1984, alifunga ndoa na Bernadina, wakajaliwa watoto wawili, Marko na Helena.

Alirudi nyumbani na mitungi ya hewa na regyuleta moja kuukuu, yaani kile kifaa cha mdomoni kinachompa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mtungi. Tulimcheka sana. Upige mbizi wapi Dongobesh, kwenye mahindi? Mwaka 2006 mama, Mungu amrehemu, aliona mipira ya kile kifaa inakauka, akaihurumia. Akaipaka samli, kama alivyolainisha ngozi maisha yake yote, akaitundika jikoni. Kaka alipoikuta aliibonyeza kwa kidole.

"Mama, shikamoo. Huu ni mpira, si ngozi."

"Marahaba. Mbona sasa umelainika?"

Ulilainika kweli, hadi ukawa unanata vidoleni.

Juma hilohilo kijana wa Mzee Gidahosh alizama ziwa Basotu, kule Hanang, na mwili haukuonekana. Watu wamekaa msibani, hakuna kaburi la kuchimba, hakuna wa kuwaambia waende nyumbani. Wakamfuata kaka. Akawaonyesha kifaa chake kilivyo. Mmoja akamwambia, jaribu hichohicho. "Nikifia humo mtakuwa na wawili wa kutafuta," akasema, akapanda basi kwenda Tanga.

Kwa wauza vifaa vikuukuu vya meli aliletewa regyuleta inayong'aa kama sahani ya harusi. Akaifungua. Chujio lake dogo lilikuwa la kijani, maana yake maji ya chumvi yalishaingia ndani. Akaikataa. Ya pili aliziba njia ya hewa kwa kidole, akavuta pumzi kwa mdomo, na hewa ikapita. Kiwambo, ile ngozi nyembamba ya mpira iliyo ndani, kilikuwa kimetoboka. Nayo akaikataa. Basotu wanapiga simu, "Mzee, bado tu?" Bado! Akachukua nyingine, akakunja mipira yake kutafuta nyufa, akauliza kama spea zake bado zinapatikana. Ile yenye sura mbaya kuliko zote ndiyo aliyorudi nayo. Akashuka nayo ziwani, akamtoa kijana, na Mzee Gidahosh akamzika mwanawe.

Tangu hapo mtu akizama Basotu au kwenye mabwawa aliitwa yeye, akaenda kila mara. Binti yake Helena alifundishwa naye kupiga mbizi, lakini hata huyo hakuruhusiwa kumkagulia kifaa. Alikuwa mbishi kaka yetu, tuseme ukweli.

Mwaka 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Hospitalini alikagua hadi mpira wa oksijeni, wauguzi wakabaki kucheka. Kifo hakikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni swali moja, "Nani atawatoa?" Mwezi uliopita Helena alikwenda Tanga peke yake, akarudi na regyuleta aliyoichagua mwenyewe. Kaka akaipeleka mdomoni aijaribu kama kawaida yake. Pumzi haikutosha. Akajaribu tena, wapi. Niliumia kumwangalia.

"Umeikagua?" akamuuliza.

"Nimeikagua, baba."

"Utashuka nayo?"

"Nitashuka nayo."

Akamrudishia mkononi. "Basi. Imepita."

Jumatano tarehe 17 Septemba simu ikaja kwamba mama mmoja amezama Basotu. Helena akasema haondoki. Jamani, mgonjwa yule alivyokasirika! "Watoto wake wanamsubiri. Mimi nina watu hapa. Nenda!" Akaenda. Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, kaka yetu alikata roho. Saa hiyo Helena alikuwa chini ya maji. Alipotoka na yule mama ndipo akaambiwa.

Marehemu ameacha mjane, Bernadina, watoto, Marko na Helena, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Kwa wale walioanza kuniulizia vifaa vyake: haviuzwi.

Yule mama wa Basotu naye anazikwa leo, saa hizi, na watoto wake wamesimama kaburini kwake kama sisi tulivyosimama hapa. Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani. Alichoka.